Makao ya watu wenye ulemavu wa akili na wa viungo Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wazazi na ndugu wanaotafuta mahali pa kumweka mtu wao, au ambao wameshamweka na hawana amani. Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo (cerebral palsy) pamoja na ulemavu wa akili, na anaishi katika makao. Mengi ya hapa nimeyaona mwenyewe, mengine nimeyapata kwa wazazi wenzetu kwenye foleni za kliniki.

Kabla ya makao, kuna njia nyingine?

Ipo, na ndiyo ianze kutafutwa. Familia nyingi hapa Nairobi hazifiki kwenye makao kwa kumchoka mtoto. Mama anafanya kazi Industrial Area, dada wa kazi ameondoka bila kuaga, mwenye nyumba amelalamika kelele, na wanaishi ghorofa ya nne bila lifti. Ukitatua moja au mawili kati ya hayo, mara nyingi haja ya makao inapungua. Kuhamia nyumba ya chini kumewasaidia watu ninaowajua kuliko ushauri wote waliopewa. Ulizia shule za karibu zenye vitengo vya mahitaji maalum, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kule Kasarani, ambako mtoto hupimwa na mzazi akashauriwa.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Ibara ya 19 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuchagua anapoishi na anaoishi nao, katikati ya jamii kama wengine. Kwa upande wa watoto, serikali ina mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Mwelekeo huo nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini familia ikiambiwa imrudishe mtoto nyumbani bila daipa, bila kiti cha magurudumu na bila mtu wa kusaidia, mtoto huishia kufungiwa chumbani mchana kutwa. Kwa hiyo wapo watu ambao leo hii wanaishi kwenye makao, na hao hawawezi kungoja mkakati ukamilike ndipo walishwe vizuri.

Nitajuaje kama makao yamesajiliwa?

Omba cheti ukisome mwenyewe: jina, tarehe, na kimesajili shughuli gani. Cheti cha kikundi au cha biashara kinathibitisha tu kwamba kikundi kipo, hakisemi lolote kuhusu matunzo.

Kwa watoto, ulizia kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, kwa hiyo nyumba iliyofunguliwa majuzi na kujiita makao ya watoto ina maswali ya kujibu. Na mtoto hawekwi makaoni kwa mapatano ya mdomo kati yako na mkurugenzi. Kuna utaratibu unaopitia kwa afisa wa watoto na mahakamani. Ukiambiwa "mlete tu kesho na nguo zake", ondoka.

Kwa watu wazima, ulizia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Miongoni mwa kazi ilizopewa na sheria ya 2003 ni kusajili taasisi zinazowahudumia watu wenye ulemavu. Sheria hiyo imechukuliwa nafasi na sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyotiwa saini mwaka 2025.

Siku ya kutembelea niangalie nini?

Nenda saa ya chakula. Mkurugenzi atakupendekezea saa nne asubuhi, wakati sakafu imepigwa deki na watu wamevalishwa vizuri. Wewe mwambie utapita saa saba.

Mtu mwenye mtindio wa ubongo anaweza kufa kwa namna anavyolishwa. Akilishwa amelala chali au kichwa kimeangukia nyuma, uji huingia kwenye njia ya hewa, ukashuka mapafuni, na baada ya siku chache unaambiwa ni nimonia. Safari nyingi za hospitalini ambazo makao huzisingizia baridi ya Julai zilianzia kwenye kijiko. Mtazame mlezi: je, amekaa chini, uso wake ukiwa usawa na wa yule anayelishwa? Kidevu kimeinama kidogo? Anatumia kijiko kidogo, anasubiri ameze ndipo aongeze? Akimaliza anamwacha wima kama nusu saa, au anamlaza hapohapo ili aendelee na mwingine? Chakula kimepondwa kwa wale wasioweza kutafuna, au wote wamepewa githeri ileile?

Katika makao fulani niliona bakuli tano zimepangwa kwenye benchi, watu watano wamekaa mbele yake, na mlezi mmoja akipita na kijiko kimoja kutoka mdomo huu hadi ule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake, na muda wa chakula ulikuwa umewekwa na mtu ambaye hajawahi kulisha. Mmoja wa wale watano alikuwa bado anatafuna alipofikiwa tena. Akafungua mdomo tu, kwa mazoea.

Ukitoka hapo, tazama choo na maji. Nairobi ina mgao wa maji, na nyumba yenye watu wanaovaa daipa haiwezi kutegemea mfereji pekee. Uliza kuhusu tangi na kisima. Tazama kama nguo za mtu ni zake, zina jina au alama, au zinatoka kwenye rundo moja na anayewahi ndiye anayevaa. Tazama kama kuna pazia au mlango pale watu wanapoogeshwa. Mtu asiyesema naye anaona haya.

Kisha mchague mkazi mmoja, yeyote yule, umwulize mlezi (asijibu mkurugenzi): "Huyu akiwa na kiu, anakuonyeshaje?" Mdogo wangu hugonga mkono wa kiti kwa kifundo mara mbili, anangoja, anagonga tena. Asiyemjua ataona ni fujo. Mlezi anayejua watu wake atakujibu bila kufikiri, na atakuongezea kwamba fulani huuma midomo akiumwa na tumbo, fulani hataki kuguswa kichwa. Asiyewajua atakuambia "hawa hawaelewi kitu". Kwangu jibu hilo lina uzito kuliko cheti, jengo na ada.

Wafanyakazi wangapi wanatosha?

Inategemea waliopo. Watu kumi wanaotembea na kula wenyewe si sawa na kumi wanaolishwa na kubebwa. Badala ya kuuliza wako wangapi kwa jumla, uliza ni nani aliye macho saa nane za usiku, na anaangalia vyumba vingapi. Mara nyingi utaambiwa kuna askari wa lango. Askari wa lango hamgeuzi mtu kitandani.

Uliza pia wafanyakazi hukaa muda gani kabla ya kuacha kazi. Wanaolipwa kidogo na kuchelewa kulipwa huondoka, na kila anayeondoka anaondoka na ujuzi wa watu wake. Yule anayegonga kiti anaanza upya kumfundisha mgeni.

Na funguo. Nyumba zetu zina grili madirishani na kufuli milangoni kwa sababu ya wezi. Moto ukitokea usiku, ufunguo unashikwa na nani, na asiyetembea anatolewa na nani, kupitia wapi? Omba waonyeshe, wasieleze tu.

Mtu wangu hatembei. Nitajuaje kama anatunzwa ipasavyo kitandani na kwenye kiti?

Asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, na apumzishwe kutoka kwenye kiti. Penye utaratibu kuna karatasi ukutani au kwenye jalada lake: saa, ubavu gani, sahihi ya aliyemgeuza. Ukikuta karatasi imejazwa wiki nzima kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, imejazwa siku moja.

Kila ukimtembelea, omba dakika chache faraghani umkague ngozi: visigino, nyonga, makalio, mwisho wa uti wa mgongo, viwiko, nyuma ya kichwa. Vipeperushi vingi huagiza utafute wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huenda usiuone kabisa. Tafuta sehemu iliyozidi weusi au yenye rangi ya zambarau, iliyo na joto kuliko jirani yake, ngumu au laini kupita kawaida ukiigusa. Hapo ndipo kidonda cha kulalia kinapoanzia, kabla hakijapasuka. Hapo bado kinatibika kwa kuondoa uzito pale mahali. Kikishafika mfupani, unazungumzia miezi ya matibabu na hatari ya sumu kuingia kwenye damu.

Kiti cha magurudumu nacho kipimwe kwa mwili wake. Viti vingi makaoni ni vya msaada, vya ukubwa mmoja, na mtoto huzama ndani, akaegemea upande mmoja kwa miaka hadi mgongo unapinda. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana Nairobi inayotengeneza viti na kuvirekebisha kulingana na mtu. Angalia kama miguu yake inakanyaga mahali, au inaning'inia.

Ana kifafa. Niulize nini?

Uliza daftari la kifafa: siku, saa, kilidumu muda gani. Uliza dawa huhifadhiwa wapi na nani anazitoa. Dawa za kifafa hazikatizwi ghafla; makao yakiishiwa nazo Ijumaa na kungoja Jumatatu, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu mbaya sana. Acha akiba.

Kila mlezi, mpishi akiwemo, ajue haya: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, tazama saa. Kikipita dakika tano, ni dharura ya hospitali. Kama mpishi atakuambia habari za kijiko, unajua mafunzo hayakufika jikoni.

Wanasema hufungwa kamba wakati mwingine "kwa usalama wake". Ni sawa?

Hapana. Mkanda wa kiti unaomsaidia kukaa wima, uliopendekezwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, ni jambo jingine. Kumfunga mtu mkono kitandani kwa sababu anajipiga au anatembeatembea ni ukatili, na Ibara ya 29 ya Katiba inamlinda kila mtu dhidi ya mateso, adhabu ya viboko na kutendewa kinyama, iwe ni serikalini au kwenye nyumba ya mtu binafsi. Ripoti ya shirika la Disability Rights International kuhusu Kenya, iliyotoka mwaka 2018, ilieleza mambo ya namna hii katika taasisi za watoto.

Mtu asiyesema huongea kwa mwili. Akianza kujigonga kichwa wiki hii na hakuwa hivyo, kuna kitu. Kagua meno, masikio na kama ameenda choo. Kufunga choo peke yake, jambo la kawaida sana kwa watu wa kukaa na wanaokunywa maji kidogo, kunaweza kumfanya mtu mpole awe mwenye fujo. Mahali pengi hatua hii inarukwa: wanasema "ni ulemavu wake", wanaomba dawa ya kumtuliza, na jino linaendelea kuoza. Dawa ya kutuliza ikitajwa, uliza ni daktari gani aliyeiandika, kwa nini, na itapitiwa tena lini. Nayo ni kamba, isipokuwa haionekani.

Nitajuaje kama anadhulumiwa, wakati hawezi kusema?

Michubuko ya mahali ambapo mtu haangukii: mapaja kwa ndani, shingo, mgongo. Kukonda. Kushtuka mlezi fulani akipita. Kukataa kuoga ghafla, kujikojolea upya, kulia ukiaga kuliko ilivyokuwa. Kwa wasichana na wanawake, na wavulana pia, usiepuke kuwaza kuhusu ubakaji kwa sababu neno hilo ni zito. Ukishuku, usimwogeshe, usifue nguo, zifunge kwenye karatasi na umfikishe hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zifanye kazi; mapema zaidi ni bora. Piga 1195 kwa dhuluma za kijinsia, au 116 kwa mtoto. Ripoti polisi hata kama mkurugenzi anakusihi "tumalize kifamilia". Na ukisikia kwamba wasichana wote wa makao huchomwa sindano ya kupanga uzazi, uliza inazuia matokeo ya kitendo gani.

Makao ya bei ghali ndiyo mazuri?

Si lazima. Nchini Uingereza, mwaka 2011, kamera ya siri ya BBC ilionyesha wafanyakazi wa hospitali binafsi ya Winterbourne View, karibu na Bristol, wakiwapiga na kuwadhalilisha watu wenye ulemavu wa akili. Ada ilikuwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa mtu mmoja. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani na 6 wakafungwa jela. Kabla ya kamera, mfanyakazi mmoja alikuwa amewaarifu wakaguzi wa serikali, na hawakufuatilia. Ile ilikuwa nchi yenye wakaguzi na bajeti. Hapa kwetu, mkaguzi anayefika mara nyingi kuliko wote ni ndugu wa mkazi.

Pesa nitazitoa wapi?

Anza na kadi ya NCPWD; bila hiyo milango mingi imefungwa. Mtu hupimwa katika hospitali ya serikali kwanza, ndipo anasajiliwa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa walio na ulemavu mkubwa wanaokubaliwa. Anayenunua daipa za mtu mzima anajua hizo zinaisha kabla ya mwezi kufika katikati, lakini ziombe. Hakikisha amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na namba yake iwe kwenu na makaoni pia. Ukilipa ada, lipa kwa njia inayoacha rekodi na uombe risiti, na muandikiane ada hiyo inajumuisha nini. Ugomvi mwingi huanzia kwenye daipa na nauli ya kliniki.

Wageni huja kupiga picha na wakazi. Naweza kukataa?

Ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za mtu, picha ikiwemo, na hali ya afya inapewa uzito wa pekee. Andika barua ya kukataa, iwekwe kwenye jalada lake. Sioni sababu ya mtu mzima kupigwa picha akiwa na uji kidevuni ili mtu mwingine aonekane mkarimu. Wageni wa kuleta unga na sabuni tunawashukuru. Waje, wakae, wazungumze na wakazi, simu zibaki mfukoni.

Atakapofika miaka 18?

Uliza swali hili siku ya kwanza, hata kama ana miaka sita tu. Makao mengi ya Nairobi yalianzishwa kwa ajili ya watoto, na mtu mwenye ulemavu wa akili haachi kuhitaji msaada siku ya kupata kitambulisho. Wengine hubaki kimyakimya, wanaume wa miaka 30 wakilala vyumba vya watoto. Wengine hurudishwa kwa familia ambayo haikuwahi kuandaliwa. Majibu mazuri niliyoyaona ni nyumba ndogo za kupanga, watu wazima watatu au wanne na mlezi, kwenye mtaa wa kawaida, wanaenda sokoni na kanisani au msikitini kama majirani. Bado ni chache mno. Mchukulie kitambulisho mapema, kwa sababu bila hicho hawezi kuwa na akaunti wala kusajiliwa kwa chochote kama mtu mzima.

Nikiwa na malalamiko, nianzie wapi? Naogopa watamtesa zaidi nikisema.

Woga huo una msingi, na makao mabaya huutegemea. Kwa hiyo usiende peke yako wala kwa maneno matupu. Andika tarehe na ulichokiona, piga picha ya kidonda au mchubuko, na utafute ndugu wa mkazi mwingine muende pamoja. Anzeni na mkurugenzi kwa barua, mkibaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Asipojibu, peleka kwa afisa wa watoto kama ni mtoto, au NCPWD, ofisi zake ziko Waiyaki Way. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko ya watu bila malipo, na Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa inashughulikia pia masuala ya watu wenye ulemavu. Penye majeraha au ubakaji, ruka hatua zote hizo na uende polisi na hospitali siku hiyohiyo.

Katika siku za kusubiri majibu, ongeza ziara. Zigawaneni: shangazi Jumanne jioni, mjomba Alhamisi mchana, wewe Jumapili, kila mtu kwa saa tofauti na bila kupiga simu kwanza. Mkizuiwa langoni, andika jina la aliyewazuia na saa, kisha mwombe afisa aongozane nanyi kuingia.